Mama Alipotufikia Bruxelles

Wengi wenu mnao watoto, ndugu au majirani waliokwenda kuishi Ulaya, nanyi mmekwisha kuzizoea habari zao: picha iliyopigwa mbele ya jumba kubwa, sauti katika simu, na fedha kidogo mwisho wa mwezi. Ni mara chache mzazi mwenyewe apate kufika na kuona kwa macho yake mahali anapolala mtoto wake. Sisi tulipata bahati hiyo mara moja, mwezi wa tano wa mwaka 2023, na Mama alikaa nasi majuma matano. Tuseme kwanza kwamba sisi ni mume na mke, wenyeji wa Bukavu, na tunakaa Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, tangu mwaka 2008. Mama huyu alimzaa mmoja wetu, na yule mwingine amemwita Mama tangu siku ya ndoa. Kwa hiyo katika habari hii hatutatenganisha mwana na mkwe, kwani yeye mwenyewe hakututenganisha.

Kumleta mzazi Ulaya si kama kumwita kutoka Goma. Ilitubidi kutia sahihi manispaa kwenye hati ya kumdhamini, na kuonyesha karatasi za mshahara, ili serikali ijue kwamba mgeni hatakuwa mzigo wake. Tuyaache hayo, aliyeyapitia anayajua, na ambaye hajayapitia hatayasadiki. Siku ilipofika, Mama akavuka Ruzizi asubuhi, akapanda basi mpaka Kigali, na usiku akaingia katika ndege kwa mara ya kwanza katika miaka yake 73.

Tulimpokea katika uwanja wa Zaventem. Alitokea mlangoni amejifunga vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine, na mkononi ameshika mfuko wa sambaza wakavu ambao hakutaka kuutia katika sanduku, asije mtu akauchukua. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri atokaye nje ya Ulaya, lakini samaki kiasi cha nyumbani hupita. Mama alisema askari wa forodha aliwanusa, akatabasamu, akamrudishia. Kwa hiyo akaamua siku ile ile kwamba Wabelgiji ni watu wenye adabu.

Jambo la kwanza lililomshangaza halikuwa majumba bali jua. Kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, hata mtoto mdogo ajua saa ya kuwarudisha mbuzi. Huku, mwishoni mwa mwezi wa tano, ni saa tatu na nusu usiku na bado kuna mwanga dirishani. Mama alikaa kitini akingojea giza ili asali sala za usiku. Alingoja, akasinzia, akaamka, akatazama nje. «Jua la huku halina nyumba,» alisema. Akasali kukiwa kweupe, lakini kwa mashaka, kama mtu alaye chakula cha jioni saa ya mchana.

Sisi tulikuwa tumejitayarisha. Tuliandika katika karatasi mahali pote tulipotaka kumwonyesha, siku kwa siku, tukaibandika mlangoni mwa jiko. Tukiri waziwazi: tulitaka ajivunie. Mwana aliyekwenda mbali hupenda mama yake aone kwamba hakupotea bure, na ingawa majumba yale si yetu wala hatukuyajenga, tulikuwa tayari kumtembeza katikati yake kama kwamba tulichangia matofali. Kila jioni Mama aliuliza: «Na kesho?» Nasi tukamsomea. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja jina jingine litajwe, kisha akaitika: «Haya.»

Tulianza na uwanja mkuu wa mji, uitwao Grand-Place. Mwaka 1695 mizinga ya Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, iliuteketeza karibu wote, na wenye mji wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Nyumba za vyama vya wafanyabiashara na mafundi zimeuzunguka, kila moja na alama zake, dhahabu ikimeremeta juu ya mawe. Na jumba la mji lina mnara wa meta 96, na kileleni amesimama Malaika Mikaeli. Mama alitazama juu mpaka kilemba kikamwanguka. Kisha akauliza ni nani apandaye kuisafisha dhahabu ile, na analipwa kiasi gani. Hatukujua. Miaka 15 tumepita uwanjani pale, wala hatujawahi kujiuliza. Huko karibu, katika njia nyembamba, ipo sanamu ndogo ya shaba ya mtoto anayekojoa, Manneken Pis, ambayo watu huvuka bahari kuja kuipiga picha. Mama alicheka sana, akageuza uso, akasema kwamba kwao Kabare asingehitaji kulipa nauli kuyaona hayo.

Siku nyingine tukampeleka Heysel kuona Atomium: mipira tisa mikubwa ya chuma iliyounganishwa kwa mabomba, kimo chake meta 102. Umbo lake ni la chembe za madini ya chuma zikiwa zimekuzwa mara bilioni 165. Ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Tulipanda kwa lifti mpaka mpira wa juu, tukaona mji wote, na kwa mbali kuba la kijani la basilika ya Koekelberg, kanisa kubwa mno, lililoanzwa mwaka 1905 na kumalizika mwaka 1970. Tulimweleza Mama kwamba katika maonyesho yale ya 1958 waliletwa pia watu wa kwetu, wakawekwa katika kijiji cha nyasi ili watazamwe wakifanya kazi za mikono, na kwamba walirudi makwao kabla ya maonyesho kwisha, kwa kuchoshwa na dhihaka za watazamaji. Mama alihesabu kwa vidole. «Nilikuwa na miaka 8,» alisema. «Tulikuwa tukiimba shuleni juu ya Ubelgiji.» Hakusema zaidi.

Alikuwa mtiifu kwa kila jambo, na utii ule ulianza kutuuma. Mgeni mwenye adabu akipewa chakula asichokizoea hula, husifu, na humwachia mwenye nyumba sahani safi. Ndivyo alivyoula mji wetu. Jambo moja tu alilikataa, nalo ni kuingia mahali bila kusalimu. Katika metro aliwasalimu abiria wote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, naye alishangaa kuona watu wakizitazama simu zao kama hawakusikia. Tulimnong'oneza kwamba hapa si desturi. Akajibu kwamba naye hana desturi ya kuingia nyumbani mwa watu kama mwizi. Siku ya tatu mzee mmoja mwenye mbwa akamwitikia, na tangu hapo, kila tulipofika kituo kile, Mama alinyosha shingo kumtafuta.

Basi tukampeleka Matonge. Ni mtaa katika manispaa ya Ixelles, penye Porte de Namur na barabara ya Wavre, nao umepewa jina la mtaa wa Kinshasa. Wanafunzi wa Kongo walianza kukutana hapo katika miaka ya 1960, na nyuma yao zikafuata saluni, maduka ya vitambaa, na wauza mihogo. Hapo Mama alifufuka. Aligusa ndizi, akaminya mihogo, akauliza bei ya fungu la sombe, na aliposikia akaweka mkono kifuani: kwa fedha ile, alisema, angelisha nyumba nzima kwa juma. Wauzaji wengi walimjibu kwa Kilingala, naye aliwajibu kwa Kiswahili, na kila upande ukasadiki kwamba umeelewa. Hatimaye mwanamke mmoja akatoka nyuma ya magunia ya fufu, akamsikiliza, akauliza: «Mama, wewe ni wa Bagira au wa Kadutu?» Tulikaa dukani mle saa moja na nusu. Sisi tumenunua chumvi na mafuta kwa mama yule miaka mingi, wala hatukujua kwamba baba yake na babu yetu waliabudu katika parokia moja.

Karibu na hapo upo uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Ni kipande tu cha njia, mtu akitembea haraka huupita. Mama alisimama chini ya kibao. Alikuwa na miaka 11 watu wazima walipoanza kusimulia kwa sauti ya chini kwamba Lumumba ameuawa, Januari 1961. Tukamwambia kwamba jino lake, ndilo lililobaki la mwili wake, lilikabidhiwa kwa watoto wake katika mji huu huu, mwezi wa sita wa mwaka 2022, likarudishwa Kongo kuzikwa. «Miaka 61 kungoja jino,» akasema Mama. Na jioni ile, tulipomsomea karatasi ya kesho, hakuitika haya. Alitutazama tu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Tervuren. Huendwa kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery, na tunaithubutu kuiita safari nzuri kuliko zote za mji huu: kwanza barabara pana yenye miti pande mbili, halafu mabwawa, halafu msitu mkubwa wa Soignes, ambamo tramu hupita kati ya miti mirefu kama inayopita ndani ya kanisa. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, Leopold wa Pili alipotaka raia zake waione Kongo yake. Mwishoni kuna makumbusho ya Afrika, jumba kama la mfalme, lililofunguliwa mwaka 1910. Lilifungwa miaka mitano kwa kutengenezwa, likafunguliwa tena Desemba 2018, na maelezo mengi ya zamani yameandikwa upya.

Ndani yake, katika njia ya chini ya ardhi, umelazwa mtumbwi wa meta 22 na nusu uliochongwa katika mti mmoja. Mama aliutembea kutoka mkia hadi kichwa, akihesabu hatua, akasema wavuvi wa Kivu wangepigana kwa ajili yake. Kisha tukafika chumba chenye ukuta wa majina: Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Mbele ya ukuta huo, msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo saba waliokufa hapa Tervuren, ili jua likiwaka, kivuli cha majina yao kianguke juu ya yale 1508. Siku ile kulikuwa na mawingu. Mama alitaka kungojea jua. Tulingoja, watoto wa shule wakaja na kupita, jua halikutoka. «Hawa saba wamelala wapi?» akauliza. Tukamwambia si mbali. «Basi twende kwao wenyewe.»

Habari yao ni hii. Mwaka 1897 waliletwa Wakongo 267, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa katika bustani, kando ya maji, ili watu waje kuwatazama; na walikuja zaidi ya milioni moja. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba wakaugua, wakafa. Walizikwa kwanza mahali pasipo heshima. Katika miaka ya 1950 wakahamishiwa penye ukuta wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya Tervuren. Wapo hapo hata leo, mawe saba yamelazwa kwa mstari chini.

Mama alituomba tumsomee majina. Ekia. Zao. Kitukwa. Mibange. Tulisoma yote saba, naye akayarudia moja moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akainama, akaanza kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe. Tulimwambia ipo manispaa ya kufanya hivyo. Hakusikia. Alipomaliza akajifuta mikono kwa kikwembe, akauliza bila kutugeukia:

«Siku ya kuwazika hawa, ni nani aliyelia?»

Hatukuwa na jibu. Akauliza tena:

«Na mjukuu wangu, yuko wapi? Ile karatasi yenu imekwisha, sijasikia akitajwa.»

Wasomaji, hapa tunaandika yale tuliyoyanyamazia. Mwezi wa pili wa mwaka 2014 tulijaliwa binti, tukampa jina la Mama huyu. Aliishi siku 19. Tulimpigia Mama simu, tukamwambia kwa maneno machache, tukaongeza kwamba mazishi yalikwenda vizuri na watu walikuwa wengi. Tangu siku ile hatukumtaja tena mtoto, sisi kwa kuogopa kumliza Mama, yeye kwa kungoja tuanze. Miaka tisa. Na katika karatasi ile ya jikoni tuliandika mpaka sanamu ya mtoto anayekojoa.

Kesho yake asubuhi tulikwenda makaburini, sisi watatu, kwa basi. Ni makaburi ya manispaa, yenye njia zilizonyoshwa na miti iliyokatwa sawasawa. Fungu la watoto liko mwisho, penye ukuta. Mama hakustaajabia usafi wake. Kwetu mtoto huzikwa karibu na nyumba, penye migomba, na mama yake akitwanga humwona. Tulipomwonyesha jiwe lenye jina lake mwenyewe, alilitazama kwa muda mrefu, akauliza:

«Watu walikuwa wengi?»

Tukasema: «Mama, tulikuwa wanne, na padri wa tano. Mvua ilinyesha. Mmoja wetu alikuwa ametoka hospitali jana yake, hakuweza kusimama.»

Tulitazamia akasirike, na labda tungependa akasirike. Akavua koti, akalitandika, akaketi chini, akaanza kusema na mtoto kwa Mashi. Hakuomboleza, alimpa habari za nyumbani. Alimwambia ni nani ameoa, ni nani amejenga, ng'ombe gani amekufa, shangazi yake amezaa mapacha, barabara ya Kadutu imeliwa na mvua. Alimtajia ndugu zake wawili walio hai hapa Bruxelles, jinsi wanavyokula vibaya na kusoma vizuri. Ilichukua karibu nusu saa. Mtunza makaburi alipita na toroli lake, akavua kofia, akapita polepole. Sisi tulisimama nyuma, nasi tulilia, kwa miaka tisa yote kwa mara moja.

Alipoinuka aliuliza kama mahali hapa ni petu. Ikatubidi kumweleza jambo jingine gumu: ardhi ya kaburi huku hukodishwa. Tulilipa kwa miaka 15. Ikiisha, mwaka 2029, tutalipa tena, au manispaa itaondoa jiwe na kumpa mtu mwingine mahali. Mama alidhani hatujui Kifaransa sawasawa. Tulimsomea hati neno kwa neno. Basi akafungua pembe ya kikwembe, akatoa dola 40 zilizokunjwa mara nyingi, fedha aliyoileta kwa ajili ya safari, akatuwekea mkononi. «Hizi si zenu,» alisema. «Ni fungu langu la kodi ya mtoto.» Tulikataa, tukamwambia manispaa haipokei dola. Akajibu kwamba mwaka 2029 watakuwa wamejifunza.

Majuma yaliyobaki hakutembea tena sana. Alipika bukari, akawafundisha wajukuu kula sambaza pamoja na vichwa vyao, na mara mbili akaturudisha makaburini. Tulipomsindikiza Zaventem aliwasalimu wasafiri wote waliokuwa katika mstari, na wengi wakamwitikia.

Februari 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, simu ya Mama haikupatikana siku mbili. Siku ya tatu tukasikia sauti yake. Tulimwuliza kama anacho chakula, kama nyumba ingali nzima, kama majirani wapo. Alijibu yote kwa ufupi, kama mtu mwenye haraka ya kufika penye shauri lake.

«Mwaka wa kulipa ni upi tena?»

Tukamwambia ni 2029.

«Basi bado miaka minne. Zile dola mngali nazo?»

Tunazo. Zimo katika bahasha, pamoja na hati ya manispaa, nasi hatujazikunjua.